Siku Tatu Ilagala: Kiboko, Mahindi na Fomu ya Kifuta Jasho

Ndugu wasomaji, mwezi huu sitaandika habari za mbolea wala nafasi za kupandia. Nitawasimulia safari. Ni safari fupi ya siku tatu, kutoka Ujiji mpaka Ilagala, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Mimi ni bwana shamba. Barabara ile nimeipita mara nyingi tangu nilipotoka chuoni na cheti changu cha kilimo. Lakini safari hii siisahau. Nilikwenda kumsaidia mtu kuandika, na mtu huyo akanisahihisha mimi.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 14 Machi mwaka 2022. Mwenyekiti wa kijiji kimoja cha kando ya mto alikuwa amenipigia simu. Alisema viboko wameingia katika mashamba ya bondeni na kula mahindi. Wenye mashamba wanalia. Aliniomba nije nipime hasara, maana bila bwana shamba fomu haikamiliki.

Nilifika kituo cha magari cha Ujiji kabla ya jua kutoka. Ujiji ni mji wa zamani. Ni hapa Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na mahali penyewe pana jumba la kumbukumbu. Wageni hutoka mbali kuja kupatazama. Sisi wenyeji tukipita pale alfajiri, macho yetu yanatafuta gari. Akina mama walikuwa wamekwisha kupanga madumu ya mawese chini ya miembe. Wengine walikuwa na dagaa wakavu katika magunia. Nilinunua mihogo ya kuchoma, nikaingia garini.

Tulipita Simbo, kisha tukashika barabara ya Ilagala. Pande zote mbili ni michikichi. Mingine ni mirefu na ya zamani, iliyopandwa na babu zetu. Mingine ni mifupi, miche mipya ya miaka hii, tangu serikali ilipoanza kuhimiza zao hilo mwaka 2018. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mara mbili tulishuka wote kusukuma gari katika tope jekundu. Mzee mmoja hakushuka. Alisema yeye amelipa nauli ya kubebwa, si ya kubeba. Tulicheka, tukasukuma.

Garini mazungumzo yalikuwa juu ya viboko tu. Mtu mmoja alisema wameongezeka. Mwingine alisema hawakuongezeka, ila ziwa limewafukuza. Aliwakumbusha abiria jinsi maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda mwaka 2020 na 2021, mpaka yakaingia katika majengo ya Kibirizi pale Kigoma. Alisema majani ya kando ya mto yalifunikwa na maji, kwa hiyo viboko wakapanda juu kutafuta malisho. Mimi sikuweza kusema nani ana haki. Lakini nilikumbuka kwamba kiboko hula majani usiku, na kwa usiku mmoja anaweza kumaliza kilo 40. Shamba la mahindi machanga kwake ni majani tu, tena matamu.

SHAMBA LA MAMA MMOJA

Tulifika saa sita mchana. Mwenyekiti alinipeleka moja kwa moja shambani kwa mama mmoja. Sitamtaja jina, maana hakuniomba nimtaje. Ni mama wa miaka kama 50, mjane, mwenye watoto wanne.

"Mwakeye, Mama," nilimsalimu kwa Kiha, ingawa asubuhi ilikuwa imekwisha.

"Karibu, Bwana Shamba," alijibu. "Leo umechelewa. Mahindi umewaachia wenyewe."

Tulishuka bondeni. Mahindi yalikuwa yamekwisha kutoa ndevu. Yangebaki wiki chache tu ayale mabichi na watoto wake, kisha angeacha mengine yakauke. Sasa sehemu ya chini yote ilikuwa imelala. Mabua yalikuwa yamekatwa kama kwa panga butu. Yale ambayo hayakuliwa yalikuwa yamekanyagwa ndani ya tope. Nyayo za kiboko zilikuwa wazi, pana kama sufuria, na kila moja ilikuwa na alama za vidole vinne. Katikati ya shamba palikuwa na njia mbili zilizonyooka kutoka mtoni. Maharage aliyopanda chini ya mahindi yalikuwa yamezikwa.

Mama yule hakulia. Alikuwa akiokota mahindi mabichi yaliyobaki chini, anayapangusa tope kwa kanga, anayaweka katika beseni.

"Haya tutakula leo na kesho," alisema. "Keshokutwa sijui."

Nilianza kupima. Ndugu msomaji, kama huna kamba ya kupimia, tumia miguu yako. Ekari moja ni karibu sawa na hatua 70 kwa hatua 70 za mtu mzima. Ukizidisha 70 kwa 70 unapata 4,900. Basi nilitembea kando ya shamba lile, sambamba na mto. Nilihesabu hatua 140. Nikatembea kutoka upande wa mto kwenda juu. Nilihesabu hatua 105. Zidisha 140 kwa 105, unapata 14,700. Gawanya kwa 4,900. Jibu ni ekari 3 kamili.

Ekari ya chini ilikuwa imekwisha yote. Ekari ya katikati nayo ilikuwa imekwisha. Ekari ya juu ilikuwa imepona, isipokuwa kona moja. Kwa hiyo hasara ilikuwa ekari 2. Ekari moja ya mahindi, kwa kilimo chetu cha jembe la mkono bila mbolea, inaweza kutoa gunia sita hivi. Hesabu mwenyewe chakula kilichopotea katika nyumba yenye watoto wanne.

KIFUTA JASHO NI NINI

Jioni tulikaa ofisi ya kijiji. Walikuja watu kama ishirini. Wengi walifikiri serikali italipa mahindi yao yote, gunia kwa gunia. Ilinibidi niwaeleze ukweli, na haikuwa kazi ya kufurahisha.

Katika nchi yetu, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakubali kwamba mtu aliyeharibiwa na wanyama wakali apewe kitu. Kanuni zake zilitoka mwaka 2011. Aliyeliwa mazao hupewa fedha inayoitwa kifuta jasho. Aliyejeruhiwa, au familia ya aliyeuawa, hupewa kifuta machozi. Fedha hutoka Wizara ya Maliasili na Utalii. Majina haya mawili yamechaguliwa kwa makusudi. Si fidia. Fidia ni kulipa thamani ya kitu kilichopotea. Kifuta jasho ni pole. Ni kama jirani aliyekuja na kilo mbili za unga baada ya nyumba yako kuungua. Hakukujengea nyumba.

Kanuni za mwaka 2011 zilipotoka, ziliweka kiwango cha kuanzia shilingi 25,000 mpaka shilingi 100,000 kwa ekari moja. Kiwango kinategemea shamba lako liko umbali gani kutoka mpaka wa hifadhi. Aliye karibu na hifadhi hupata kidogo, aliye mbali zaidi ya kilomita 5 hupata nyingi. Aliyelima ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi hapati kitu. Watu wengi hufikiri ingekuwa kinyume chake. Lakini maana yake ni hii: serikali haitaki mtu ajipeleke mlangoni kwa tembo, kisha adai. Tena, hata kama shamba lako ni ekari 20, zinazohesabiwa ni ekari 5 tu. Familia ya mtu aliyeuawa ilipangiwa shilingi 1,000,000. Viwango vinaweza kubadilishwa, kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu yako muulize afisa wanyamapori wa wilaya kiwango cha siku hiyo.

Mzee mmoja alisimama. Alisema, "Bwana Shamba, shilingi 100,000 kwa ekari haifiki hata gunia mbili. Na gunia nne zilizobaki nani atalipa?"

Nilimjibu kwamba hakuna wa kulipa. Nilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Alikaa chini. Nafikiri alinipenda zaidi kwa jibu lile kuliko kama ningemwambia maneno ya kumpoza.

Mwingine akauliza habari za viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini mwaka 2017 na kula mahindi ya watu. Je, nao wana kifuta jasho? Hapana. Kanuni hizo ni za wanyama wakali tu. Viwavi hawamo. Ukame haumo. Maji ya ziwa hayamo.

Hapo nilikumbuka safari nyingine, ya upande wa kaskazini. Nilipanda boti Kibirizi kwenda kijiji kimoja jirani na Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Kule adui ni nyani. Nyani hung'oa muhogo mchana kweupe, mtoto akimtupia jiwe anamwangalia tu. Mkulima mmoja wa kule aliniletea karatasi, aandike dai lake. Nilipomwambia kwamba nyani hamo katika orodha ya wanyama wakali wanaolipiwa, wala ngedere, wala nguruwe pori, alikasirika sana. Alisema, "Kiboko ni wa serikali na nyani ni wa serikali. Kwa nini mmoja analipa deni lake na mwingine halipi?" Mpaka leo sina jibu zuri la kumpa. Kwa maoni yangu, muhogo uliong'olewa na nyani hauna tofauti na muhogo uliokanyagwa na kiboko. Tumbo halijui orodha.

Kiboko yumo katika orodha. Tembo yumo, nyati yumo, simba, chui na mamba wamo. Watu wa Malagarasi, katika hilo, walikuwa na bahati, kama hiyo ni bahati.

MITA SITINI

Siku ya pili, Jumanne, afisa wanyamapori alikuja kwa pikipiki. Alikuwa kijana mpole, ameloa mpaka magotini. Alikuja na utepe wa kupimia. Tulishuka tena bondeni pamoja na mwenyekiti, mtendaji wa kijiji na mama mwenye shamba.

Aliangalia nyayo. Aliangalia kinyesi. Aliandika. Kisha akaenda mpaka ukingo wa mto, akaanza kuvuta utepe kuelekea shambani. Mimi nilijua anachofanya, na moyo wangu ukashuka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kwamba shughuli za kudumu za watu zisifanywe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Utepe ulifika mita 60. Ulikuwa umepita juu ya ekari yote ya chini. Kijana yule alichoma kijiti ardhini pale pale. Chini ya kijiti, kiboko alikuwa nyumbani kwake. Juu ya kijiti, alikuwa mgeni mharibifu.

"Mama," alisema, "ekari ya chini siwezi kuiandika. Nitaandika moja."

Mama alinitazama mimi. Hakumtazama yule kijana.

Nitasema wazi kwa nini alinitazama. Miaka mitano kabla ya siku ile, mvua zilipokuwa chache, ni mimi niliyewaambia watu wa kijiji kile walime bondeni. Nilisema udongo wa bondeni una unyevu na rutuba. Nilisema kweli. Lakini habari ya mita 60 sikuisema. Niliijua, nikaona ni jambo la watu wa mazingira, halihusu mahindi. Kila bwana shamba ana kosa lake analolibeba. Hilo ni langu.

Nilimwambia mbele ya wote, "Mama, kosa hili ni langu. Nilikwambia ulime hapa."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ulitwambia. Lakini na sisi tulikuwa tunamwona kiboko tangu zamani. Hakuna aliyeuliza atakula wapi."

MAMA ASOMA FOMU

Turudi kwenye fomu. Tuliijaza ofisini, juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi. Mimi niliandika sehemu ya kilimo. Afisa wanyamapori aliandika sehemu yake. Mtendaji alitafuta wino wa kupigia dole gumba. Alikwisha kufungua kikopo, akamwambia mama alete kidole.

Mama akasema, "Ngoja kwanza nisome."

Watu waliokuwa dirishani walinyamaza. Mama yule alikuwa amesoma darasa la jioni la watu wazima kwa miaka miwili. Alianza akiwa hajui hata herufi moja. Alishika fomu kwa mikono miwili. Alisoma polepole, midomo ikitembea, kidole kikifuata mstari. Ilichukua muda. Pikipiki moja ilipita nje, mbuzi akalia, na yeye bado anasoma. Mtendaji alianza kugonga meza kwa kalamu. Mwenyekiti alimwangalia, akaacha.

Kisha mama akainua uso. "Bwana Shamba, hapa umeandika tarehe ya uharibifu ni 14 Machi."

"Ndiyo, Mama."

"Tarehe 14 ni siku uliyokuja wewe. Viboko waliingia usiku wa kuamkia tarehe 11. Ilikuwa Ijumaa."

Alifungua fundo la kanga yake. Humo mlikuwa na daftari dogo la shule, limekunjwa mara mbili. Alilifungua akatuonyesha. Aliandika kwa penseli, kwa herufi kubwa: MACHI 11. VIBOKO 2. USIKU. MAHINDI NA MAHARAGE. Chini yake aliandika jina la mwenyekiti, na kwamba alimpa habari asubuhi ile ile. Juu zaidi katika ukurasa alikuwa ameandika siku aliyopanda, mwezi Novemba.

Alisoma tena, akaniambia, "Na hapa umeandika mahindi. Maharage yako wapi?"

Kwa kweli niliona haya. Afisa wanyamapori alicheka kidogo, kisha akawa na uso wa kazi. Alinieleza kwamba kosa la tarehe si dogo. Dai linatakiwa litolewe mapema, habari ikiwa mbichi na nyayo zikiwa bado ardhini. Fomu yenye tarehe moja, na daftari la kijiji lenye tarehe nyingine, inaweza kurudishwa kutoka juu. Ikirudishwa, mwaka unapita. Tulichukua fomu nyingine, tukaanza upya. Safari hii nilimsomea kila mstari kabla ya kuandika.

Alipomaliza, aliandika jina lake mwenyewe. Mtendaji alifunga kikopo cha wino.

Nilipokuwa kijana nilisoma mahali fulani juu ya wakulima wa Marekani. Huko serikali ina mipango ya kuwalipa wakulima waliopatwa na maafa ya mazao, na kuna ofisi za kilimo katika kaunti zao. Mkulima ambaye zao lake halina bima ya kawaida anaweza kuingia katika mpango maalumu. Lakini lazima apeleke taarifa ya ekari alizopanda. Na akipata hasara, lazima aseme ndani ya siku 15. Niliposoma nilifikiri ni urasimu tu wa watu wenye karatasi nyingi. Siku ile ofisini Ilagala niliona mama mmoja wa Kigoma anafanya kazi ile ile kwa penseli na daftari la kurasa 32, bila kuambiwa na mtu.

USIKU KATIKA DUNGU

Usiku huo sikulala kwa mtendaji kama ilivyopangwa. Niliomba nione jinsi wanavyolinda. Kijana wa mama yule, wa miaka 16, alinipeleka kwenye dungu lake. Ni jukwaa la miti minne, juu limeezekwa nyasi. Alikuwa na debe la kupiga, tochi, na blanketi moja. Kila usiku hulala pale, na asubuhi huenda shule. Nilimwuliza husinzia darasani? Akasema mwalimu amezoea.

Saa nne za usiku tuliwasikia. Kwanza sauti ya kukoroma mtoni, nzito, kama mtu anayecheka ndani ya pipa. Kisha kimya. Kisha majani yakavunjika chini yetu, upande wa kulia. Kijana alipiga debe. Mimi nilimulika tochi. Niliona mgongo tu, mpana, unang'aa kwa maji. Aligeuka bila haraka akarudi mtoni. Mti wa dungu ulitikisika, au labda ni magoti yangu yaliyotikisika.

Kijana aliniambia jambo ambalo kila mtu wa mtoni analijua. Usisimame kati ya kiboko na maji. Akiogopa hukimbilia majini, na atapita juu yako. Mnyama huyu hufikia kilo 1,500 na zaidi. Aliniambia mvuvi mmoja wa kijiji cha jirani aliuawa hivyo, anarudi nyumbani jioni na samaki wake. Mjane wake alipewa kifuta machozi. Nilimwuliza zilimsaidia? Alisema, "Alijenga nyumba ya bati. Lakini hapendi kukaa ndani."

Basi nikazungumza naye habari za mtaro. Kiboko ni mzito na miguu yake ni mifupi. Haruki. Mtaro wenye kingo zilizosimama wima, au ukuta mdogo wa mawe au magogo, humsumbua kuliko debe. Watu wa maeneo ya tembo wanatumia pilipili na mizinga ya nyuki, lakini kwa kiboko mtaro ndio wenye faida. Ni kazi ya watu wengi, haiwezi kufanywa na nyumba moja. Na uchimbwe juu ya mita 60, si chini yake. Hilo nililisema mara mbili.

Siku ya tatu nilirudi Ujiji. Gari halikukwama.

FEDHA ZILIFIKA LINI

Wasomaji mtataka kujua kama alilipwa. Alilipwa. Lakini alingoja mwaka mmoja na miezi mitano. Fomu iliondoka kijijini mwezi Machi 2022, fedha zilifika Agosti 2023. Katika muda huo alilima, akavuna, akalima tena. Mara tatu alinipigia simu kuuliza. Mara moja niliuliza katika ofisi moja, nikaambiwa fomu haionekani. Nikarudi na nakala ambayo mama alikuwa ameniomba niipige picha kwa simu yangu siku ile ile. Baada ya hapo ikaonekana. Sitaki kulaumu watu kwa majina. Nasema tu kwamba bila nakala ile, mpaka leo tungekuwa tunaitafuta.

Alipata shilingi 100,000, ya ekari moja. Alilipa deni la unga la shilingi 40,000 kwa mwenye duka, deni la tangu mwezi ule wa mahindi kuliwa. Zilizobaki alinunua mbegu ya maharage na daftari mbili.

Majirani zake saba nao walikuwa wamedai. Wanne walilipwa. Watatu hawakulipwa, maana mashamba yao yote yalikuwa chini ya kijiti cha mita 60. Mmoja wa hao watatu hanisalimii tena tukikutana gulioni. Namwelewa.

Nilipita tena kijijini mwezi Februari 2024. Ekari ya chini mama ameiacha. Imeota matete na majani, na viboko wanakula humo. Ameazima nusu ekari mlimani kwa shemeji yake, udongo wake ni wa mchanga, unampa taabu. Nimemwambia apande muhogo mle, na tumeshauriana juu ya mbegu inayovumilia batobato. Mtaro umechimbwa na nyumba kumi na moja kwa zamu za Jumamosi. Bado haujafika mwisho wa mashamba, umebaki kipande cha hatua 60 hivi, na wenye kipande hicho wanagombana nani aanze.

Kijana amemaliza kidato cha nne. Dungu bado lipo, sasa analala mdogo wake.

Nilimwuliza mama habari za viboko. Hakunijibu kwa mdomo. Alifungua fundo la kanga, akatoa daftari, akanipa nisome. Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya wino: FEBRUARI 9. KIBOKO 1. AMEFIKA MTARONI, AMERUDI.